Kaka wakubwa wa Mbeya, acheni kuwaharibu wadogo zenu kwa kisingizio cha "namfundisha maisha"

Wakuu, nimemeza vya kutosha, leo natema.

Kitinda mimba wetu yuko kidato cha nne, huku Uyole. Baba alishafariki, kwa hiyo kila kikao cha ukoo wimbo ni uleule: "kaka yenu ndiye baba". Baba gani anampa mtoto wa miaka 16 bodaboda usiku, ashike barabara kuu ya kwenda Tunduma katikati ya malori ya Zambia, ili tu hesabu itimie? Mchana kaka anaendesha, jioni anampokeza dogo. Mtoto anarudi saa sita usiku na baridi ya Uyole mnaijua, vidole havikunjiki. Asubuhi analala darasani. Mwalimu kanipigia mimi, maana kaka hapokei simu za shule.

Ukimuuliza anasema "huyo ni mwanaume sasa". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Basi!

Linaloniuma zaidi ni kwamba dogo anampenda kaka yake kupita maelezo. Ananyoa kama yeye, anatembea kama yeye, anavaa lile koti lake juu ya shati la shule mpaka mikono inameza viganja. Kaka akisema "shule haina dili, mimi niliishia la saba na ninakula", mtoto anabeba kama lilivyo. Juzi nimekuta mkeka wa kubeti ndani ya daftari la fizikia. Umri wake hauruhusiwi kubeti. Kaka ndiye anayemchezea, kwa laini yake mwenyewe.

Na msiniletee habari za umaskini. Ada hadi kidato cha nne iliondolewa 2016, madaftari mama anayamudu kwa viazi vyake sokoni. Jirani yetu, rika moja na kaka, naye la saba, anafuata parachichi Rungwe. Wadogo zake wanasoma kwanza, ndipo wanamsaidia kupanga kreti. Huyo ndiye kaka.

Mtihani wa taifa ni Novemba. Nimemwambia kaka usoni kwamba dogo asiguse tena pikipiki. Kanijibu, "Wewe umeshaolewa, ya huku hayakuhusu." Mama kanyamaza, wajomba wanasema nimheshimu mkubwa.

Aliyewahi kupeleka jambo kama hili kwa afisa ustawi wa jamii anielekeze pa kuanzia. Siachi.