Wauza vifaa vya kompyuta Kigoma, acheni kutuuzia ubao wa chekechea mkiuita tableti ya kuchorea

Wakuu salaam. Sisi tunaochora mabango, nembo na maua ya vitenge hapa Kigoma tumechoka, na leo naongea.

Kuna duka pale Mwanga, jina naliacha kwa sasa. Nilimweleza muuzaji shida yangu kwa Kiswahili kilichonyooka: nataka tableti ya kuchorea, ile inayochomekwa kwenye kompyuta, ukipitisha peni juu ya ubao mchoro unatokea kwenye skrini. Akajibu, "Ipo kaka, ya kisasa kabisa, na peni yake ndani." Boksi limefungwa kwa nailoni, nikaambiwa halifunguliwi mpaka hela itoke. Hela ikatoka. Nikalifungua palepale kaunta.

Ndani kuna ubao wa plastiki wa watoto. Unaandika, mstari wa kijani unatokea, unabonyeza kitufe, unafutika. Tundu la waya hakuna, Bluetooth hakuna. Mstari ule hauhifadhiwi popote: fuwele kimiminika, yaani kemikali iliyo ndani ya ubao, zimebadili mkao pale ulipogandamiza, basi. Hata kwa ukucha unachora! Kabetri ka duara kaliko nyuma kazi yake ni kufuta tu. Nikadai hela yangu. Akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Halafu akaongeza neno lililonikera kuliko hela yenyewe: "Hivi vitu ni vipya kaka, hata sisi bado tunajifunza."

Vipya kwa nani? Shirika la RAND kule Marekani lilitoa tableti ya peni ya kompyuta mwaka 1964, enzi hizo moja inauzwa kama dola 18,000. Wacom ya Japani, kampuni ya tableti hizi ambayo kila mchoraji wa kompyuta anaijua, ilianzishwa 1983. Mtu anayeuza kifaa ana wajibu wa kujua kinafanya nini. Kama hajui, aseme hajui, asitie bei.

Tableti halisi ni kitu kingine kabisa. Zile zenye peni isiyo na betri, chini ya uso wake kuna gridi ya nyaya nyembamba inayotoa mawimbi ya sumaku. Koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, ndani ya peni inayapokea na kuyarudisha, ubao unajua peni iko wapi na imegandamizwa kwa nguvu kiasi gani. Nyingi za sasa zinatofautisha viwango 8192 vya mgandamizo. Kwa anayechora ua la kitenge hapo ndipo kazi yote ilipo: mstari unaanza mwembamba, unanenepa kwenye tumbo la jani, unakonda tena, bila kunyanyua mkono. Kwa kipanya utavuta nukta moja moja mpaka usiku wa manane na bado jani litaonekana la bati. Mteja wangu wa fulana alikuwa anasubiri kazi hiyo.

Na si mimi peke yangu. Rafiki yangu anafundisha hisabati sekondari, ana kishikwambi cha kawaida cha kugusa kwa kidole. Alitaka aandike hatua za maswali kwa mkono awatumie wanafunzi. Akauziwa "peni ya dijitali yenye mgandamizo, inafanya kazi kwenye skrini yoyote". Uongo. Skrini ya aina ile inahisi umeme wa kidole, haina kabisa sehemu ya kusoma mgandamizo wa peni. Alichopewa ni kijiti chenye ncha ya mpira, kwa skrini hiyo ni kidole kingine tu. Akiegemeza kiganja aandike, kiganja nacho kinaandika. Hata peni halisi ya tableti ya kampuni moja kwa kawaida haikubali kwenye tableti ya kampuni nyingine, kwa hiyo anayekwambia "utatafuta peni yoyote" anakuibia.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujalipa, dai boksi lifunguliwe na kifaa kichomekwe kwenye kompyuta ya duka. Nyanyua peni iwe juu kidogo ya ubao bila kugusa, kama sentimita nusu. Mshale wa skrini ukiifuata peni, hiyo ni tableti ya peni. Usipoifuata, waulize kwa nini. Wakikataa kufungua, toka. Usikubali kubembelezwa na punguzo.

Nanyi wenye maduka, maandishi ya kwenye risiti hayawapi ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mtu aliyeomba kifaa cha kompyuta akapewa kisichounganika na kompyuta amepotoshwa. Hapa hatuzungumzii mteja aliyebadili mawazo njiani.

Risiti ninayo, boksi ninalo, na nakwenda kwa afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kama nawe umeuziwa ubao huu au hizo peni, uwe Ujiji, Mwandiga au Kasulu, andika hapa chini uliambiwa ni nini, ulilipa shilingi ngapi na kama risiti unayo. Wenye risiti twende pamoja.