Kazi ya kutengeneza programu kwenye kampuni ya teknolojia: siku inaendaje hasa?

Mwanagenzi
Wadau, habari za wakati huu. Mwezi ujao naanza kazi ya kutengeneza programu kwenye kampuni ya teknolojia. Chuoni tulikuwa tunaandika programu kuanzia sifuri, tunakabidhi, tunapewa alama, basi. Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze siku inaendaje, na miezi ya kwanza mtu anaangaliwa kwa lipi. Halafu mkataba umetaja zamu ya dharura, wiki moja katika kila wiki sita. Zamu hiyo ina nini ndani yake? Naomba mambo ya vitendo, hatua kwa hatua.

Fundi wa Msimbo
Karibu kwenye fani. Ujue mapema kwamba msimbo (maandishi ya programu) mwingi utakaougusa umeandikwa na wengine, na baadhi yao walishaondoka. Muda wako mwingi utaishia kwenye kusoma. Ukisoma faili ishirini ukabadilisha mistari sita, umefanya kazi ya siku nzima.

Wiki ya kwanza ni laptopu, nywila, ruhusa, na kuifanya programu iwake kwenye mashine yako. Hapo wengi hukwama kwa sababu maelekezo yamepitwa na wakati: toleo la lugha limebadilika, au kanzidata (hifadhi ya data) ya majaribio inataka ruhusa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiomba. Andika kila hatua iliyogoma na ulivyoitatua, kisha yarekebishe yale maelekezo. Huo ni mchango halali, na mgeni ndiye anayeziona kasoro hizo, wenyeji walishazizoea.

Baadaye utapewa tiketi ndogo, yaani kazi moja iliyoandikwa kwenye orodha ya timu. Tuseme kitufe cha "Hifadhi" kinagoma kwa mteja ambaye jina lake lina ritifaa (alama ya ' kama kwenye ng'ombe). Nakili ujumbe wa kosa ulivyo, utafute kwenye msimbo wote, ufuatilie hadi pale jina linapoingia kwenye kanzidata. Utakuta limeunganishwa moja kwa moja ndani ya amri ya SQL (lugha ya kuiagiza kanzidata), kwa hiyo ritifaa inafunga maneno kabla ya wakati na amri inavunjika. Anayeanza huamua kuifuta ritifaa. Hapo ameharibu jina la mtu, na njia nyingine za mshambuliaji kupenyeza amri zake hajazifunga. Tiba ni kulipitisha jina kama kigezo, nje ya maneno ya amri yenyewe. Kabla ya kugusa mstari wowote usioelewa sababu yake, endesha git blame (amri inayoonyesha historia ya kila mstari) uone uliingia lini na kwa tiketi ipi. Mistari ya ajabu mara nyingi iliwekwa kuziba tundu ambalo bado lipo. Andika jaribio (msimbo mfupi unaoukagua ule mwingine), lione likifeli, rekebisha, lione likipita. Jaribio ambalo halijawahi kufeli halijakuthibitishia kitu.

Ndipo unaomba msimbo wako uunganishwe na wa wenzako. Ombi la mistari 40 husomwa. La mistari 1,500 hukaa siku kadhaa, au hupitishwa na mtu aliyechoka kulisoma. Eleza kinachobadilika, kwa nini, na ulivyokijaribu.

Kuna kikao kifupi cha kila siku. Kwa wanaofuata Scrum, utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi, hakizidi dakika 15. Kusema "naendelea vizuri" hakumsaidii mtu. Sema "nimekwama kwenye ruhusa ya kanzidata ya majaribio, namhitaji mtu wa miundombinu leo." Ukikwama peke yako zaidi ya saa moja, uliza, na uweke amri uliyoendesha, kosa lote kama maandishi (si picha ya skrini), na uliyokwisha kujaribu. Anayeuliza hivyo katika miezi ya kwanza huaminika haraka kuliko anayekaa kimya siku tatu.

Mlinzi wa Seva
Nichukue la zamu. Wiki ya zamu ya dharura, wewe ndiye unayeitwa kwa simu mfumo ukiharibika, hata usiku. Kampuni ikiahidi huduma ipatikane kwa asilimia 99.9, ndani ya siku 30 imeruhusiwa kukatika dakika 43 hivi. Kwa asilimia 99.99 ni dakika nne na ushee. Ndiyo maana simu inalia usiku badala ya kusubiri asubuhi.

Ikilia, bonyeza kwamba umepokea. Usipobonyeza, baada ya dakika kadhaa inahamia kwa wa pili kwenye zamu. Fungua grafu uangalie tatizo limeanza saa ngapi, kisha tafuta kilichobadilika karibu na saa hiyo: toleo jipya, mpangilio, cheti cha usalama cha tovuti kilichoisha muda. Kama ni toleo jipya, rudisha la awali kwanza, chanzo kitachunguzwa mchana. Andika kila unachofanya kwenye mazungumzo ya timu, pamoja na saa. Usione aibu kumwamsha wa pili. Yupo kwa ajili hiyo.

Tahadhari inayojirudia sana ni diski kujaa. Mtu analikuta faili la kumbukumbu za mfumo la gigabaiti 60, analifuta, anaangalia diski: bado imejaa. Kwenye Linux, faili ambalo programu bado imelishikilia haliachii nafasi hata jina lake likifutwa. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha nani amelishikilia. Ukiiwasha upya programu hiyo, nafasi inarudi. Kama hujalifuta bado, ni salama zaidi kulipunguza hadi sifuri kwa truncate -s 0, ukiwa na hakika kwamba yaliyomo hayahitajiki.

Na kabla ya amri yoyote ya kufuta, soma jina la seva (kompyuta inayoendesha huduma) uliyopo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya huduma ya kuhifadhi msimbo, alifuta data kwenye seva kuu ya kanzidata akidhani yupo kwenye ile ya akiba. Nakala rudufu walizozitegemea zikakutwa hazifanyi kazi, na data ya saa sita hivi ikapotea. Kampuni yenyewe ilieleza yote hadharani. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio msiihesabu.

Binti Kanzidata
Mlinzi, nakubaliana na wewe isipokuwa hapo kwenye "rudisha la awali kwanza". Ni salama pale tu unapojua kila seva inaendesha nini. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, tarehe 1 Agosti 2012: toleo jipya lilifika kwenye seva saba kati ya nane, na ya nane ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umeachwa humo. Wakati wa kuhangaika wakaliondoa toleo jipya kwenye zile saba, na tatizo likaongezeka kwa sababu sasa zote zikawa na ule msimbo wa zamani. Ndani ya dakika 45 hivi hasara ilipita dola milioni 400.

Mtego mwingine ni kanzidata. Toleo jipya likishabadilisha jina la safu ya jedwali, la zamani halitaiona, kwa hiyo hakuna pa kurudi. Fanyeni kwa vipande: ongeza safu mpya, peleka toleo linaloandika kwenye zote mbili, nakili data ya zamani kwa mafungu madogo ili jedwali lisifungwe kwa muda mrefu, peleka toleo linalosoma safu mpya, acha lizoeleke, peleka toleo lisiloigusa tena safu ya zamani, ndipo uifute. Inachosha, lakini kabla ya kuifuta ile ya zamani, kila hatua unaweza kurudi nyuma.

Msoma Mikataba
Mwanagenzi, kabla ya kusaini uliza: zamu inalipwa au inafidiwa kwa mapumziko? Kwa wiki moja simu hulia mara ngapi usiku? Ukiamshwa saa nane, asubuhi unaingia saa ngapi? Meneja asiyejua idadi ya simu hizo hajaifuatilia. Ukipewa hisa, mpango uliozoeleka ni wa miaka minne na sharti la mwaka wa kwanza, yaani ukiondoka baada ya miezi 11 hupati hata moja. Soma tarehe zenyewe.

Mwanagenzi
Nashukuru sana wakuu. Moja la mwisho: nikiomba kuunganisha msimbo nikarudishiwa maoni 30, hiyo ni dalili mbaya?

Fundi wa Msimbo
Hapana, hasa miezi ya mwanzo. Yatenganishe: yanayosema programu itaharibika, yanayohusu mpangilio wa msimbo, na ladha ya mkaguzi. Jibu kila moja, hata kwa neno "nimebadilisha". Usipokubaliana, toa sababu inayohusu msimbo. Mkishajibizana mara tatu kwenye jambo moja, mpigie simu, mkimaliza andika mlichoamua palepale kwenye ombi, maana mwakani kuna mtu ataendesha git blame kwenye mstari huo. Cha kuangalia ni maoni yanayojirudia. Ukiambiwa mara ya tatu kwamba hukushughulikia thamani tupu (sehemu isiyo na data), liweke kwenye orodha yako ya kupitia kabla hujaomba ukaguzi.