Naomba ushauri: mkazo wa vitenzi vya Kiitaliano

Wakuu, habari zenu. Huu ni mwezi wa nne najifunza Kiitaliano na mkazo wa vitenzi unanitesa kwelikweli. Kiswahili kimenizoesha kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi nikawa nasema par-LA-no, kumbe ni PAR-la-no, "wanazungumza". Te-LE-fo-na-no (wanapiga simu) ndiyo ilinimaliza: silabi ya nne kutoka mwisho! Halafu par-LIA-mo (tunazungumza) inarudi palepale tulipozoea.

Maandishi hayasaidii, maana alama huwekwa tu mkazo ukiwa mwishoni, kama parlò (alizungumza), tofauti na parlo (nazungumza).

Nimegundua "wao" hufuata mkazo wa "mimi": A-bi-to (naishi), A-bi-ta-no (wanaishi). Sasa huyo "mimi" mwenyewe nitamjuaje bila kumsikia? Mliopita njia hii mlikariri kitenzi kimoja kimoja, au kuna namna? Nisaidieni tafadhali.