Seva ya umma ikianguka, memori yake ihifadhiwe au iachwe ipotee?

Mtoa mada, Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Nahudumia seva za Linux kwenye taasisi moja hapa Dodoma inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha mashine, ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, seva inasimama hapo hapo, na agizo tunalopewa ni lile lile: washa upya, watu wanasubiri. Tunawasha, huduma inarudi. Lakini ushahidi wa kilichoiangusha ulikuwa ndani ya RAM, memori ya muda ya mashine, na umefutika. Baada ya siku chache inaanguka tena, na hakuna anayeweza kusema kwa nini.

Nasema kila seva inayohudumia wananchi iwekewe kdump, mfumo wa kuhifadhi memori ya mashine iliyoanguka, na liwe sharti. Si jambo jipya, limo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005. Mashine ikiwaka inatenga kipande cha RAM na kuweka humo kerneli ya pili, ndogo, inayokaa tu ikingoja. Ya kwanza ikianguka, ya pili inashika kazi papo hapo bila kupitia BIOS (programu ya kuwashia mashine), kwa hiyo memori ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Inaisoma kupitia faili la /proc/vmcore, inaiandika kwenye diski, kisha inawasha mashine upya. Baadaye fundi anaifungua kwa programu ya crash na kuona ni dereva gani (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kerneli) ilikuwa kazini na hitilafu ilianzia wapi.

Anayepinga aseme.

Mchangiaji, Kongwa

Mimi napinga. Nakaa dirisha la mapokezi. Kuna mama katoka kijijini alfajiri na mtoto ana homa, anafika anaambiwa mtandao hamna. Hiyo nakala yako inaandikwa kwa muda gani? Maana kila dakika yako ni foleni kwangu.

Mtoa mada

Dada, umeuliza penyewe. Seva yenye RAM ya GB 128 na diski inayoandika MB 200 kwa sekunde itachukua dakika 10 na ushee ukinakili kila kitu. Lakini hatunakili kila kitu. Programu ya makedumpfile ikipewa kiwango cha 31 inaruka kurasa tupu, kurasa zilizo huru, kashe ya diski na memori ya programu za watumiaji. Kinachobaki ni cha kerneli hasa, nacho kinabanwa. Mara nyingi muda unashuka sana. Na nikipata chanzo mara moja, huyo mama hatakutana na tatizo hilo hilo mwezi ujao.

Mchangiaji, Kisasa

Mimi ni mwanasheria, na kinachonisumbua si dakika. Memori ya seva ya hospitali ina majina, majibu ya vipimo, nywila zilizoandikwa sasa hivi. Mgonjwa aliruhusu daktari aone VVU yake. Hakuruhusu fundi abaki na faili kwenye /var/crash, folda ya nakala hizo, mwaka mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inataka taarifa zisikae kuliko haja iliyozikusanya. Tena Septemba 2023 Microsoft walieleza kwamba ufunguo uliotumiwa na wadukuzi kuingia kwenye barua pepe za serikali ya Marekani huenda ulitokea kwenye nakala ya namna hii, iliyotolewa eneo salama ikapelekwa kwa mafundi.

Mchangiaji, Ng'ong'ona

Wakili, malizia habari hiyo. Machi 2024 Microsoft wenyewe walirekebisha maelezo yao, wakasema hawajapata nakala yoyote yenye ufunguo huo. Usiitegemee kama ushahidi.

Ila mtoa mada naye asitulaze. Kiwango cha 31 hakisafishi kila kitu. Vipande vya data vilivyokuwa vikipita kwenye mtandao hukaa kwenye memori ya kerneli, na funguo za diski iliyosimbwa pia. Faili hilo lihesabiwe kuwa siri hata likichujwa.

Faida yenyewe ipo. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka kwa sababu ya faili bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta. Nakala za memori ndizo zilizothibitisha kuwa dereva ya csagent.sys ilisoma nje ya mipaka yake. Bila hizo watu wangebaki kubashiri.

Mchangiaji, Nkuhungu

Mnasahau umeme. Ukikatika ghafla, kerneli haipati hata nafasi ya kulalamika, na kdump haitakupa chochote. UPS kwanza, wakuu. Na kabla ya kuitegemea, ijaribuni usiku kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`, amri inayoiangusha kerneli makusudi, kwenye mashine isiyo na kazi. Nimeona seva zilizowekewa kdump lakini memori iliyotengwa ni ndogo mno, siku ya siku haikutoka kitu.

Mtoa mada

Nakubali la umeme na la kujaribu. Kwa wakili: nakala iende kwa SSH, njia ya mtandao iliyosimbwa, kwenye mashine moja yenye diski iliyosimbwa, wafungue watu wawili wanaojulikana kwa majina, na ifutwe chanzo kikishapatikana. Unaridhika?

Mchangiaji, Kisasa

Kwa hayo, naam. Kuipeleka kwa muuzaji wa nje ya nchi, hapana. Sheria ina sehemu nzima kuhusu kusafirisha taarifa nje, na faili hili hakuna anayeweza kuapa limebeba nini.

Mtoa mada

Hapo bado tunatofautiana. Dereva nyingine msimbo wake umefichwa, na aliyeziandika ndiye pekee anayeweza kuzisoma. Napendekeza tumpe matokeo ya programu ya crash, yaani orodha ya kazi ambazo kerneli ilikuwa ikiziita na namba zilizokuwa ndani ya prosesa, baada ya sisi wenyewe kuyapitia, faili zima libaki Dodoma. Akisema hayatoshi, aje alisomee hapa, sisi tukiwa tumekaa naye.

Mchangiaji, Kongwa

Basi mimi nataka neno moja liandikwe kwenye hilo sharti: kompyuta ya mapokezi iwe na seva ya akiba wakati nyinyi mnanakili. Mkiliweka hilo, naunga mkono.