Tupeane uzoefu: Sikukuu za Wachina ukiwa na watoto wa chekechea

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Najua humu tupo wengi tunaofundisha watoto wadogo huko China, ingawa nusu ya kazi yenyewe ni kuimba na kurukaruka. Mambo ya visa na mishahara yana nyuzi zake, hapa tuongee sikukuu tu. Ilikuwaje siku ya kwanza kuikuta sikukuu yao ukiwa darasani?

Naanza mimi. Niko Guangzhou. Ya kwanza kwangu ilikuwa Zhongqiu, sikukuu ya katikati ya vuli, tarehe 15 ya mwezi wa 8 kwa kalenda yao ya mwezi. Mwaka 2023 iliangukia 29 Septemba, ikaungana na sikukuu ya Taifa, watu wakapumzika siku 8. Kwa hiyo shuleni tulisherehekea Alhamisi, siku moja kabla.

Nikaambiwa niandae dakika 20 za Kiingereza kuhusu mwezi. Nikachora mwezi mpevu ubaoni. Kisha kwa kiherehere changu nikachora na mwezi mwandamo pembeni, nikawaeleza kwamba kwetu Iddi tunaungoja huu, mwembamba kama ukucha, watu wazima wanatoka nje kuutafuta angani. Mwalimu mwenzangu akatafsiri. Kimya. Halafu kitoto kimoja chenye viatu vya kuwaka taa kikauliza: "Laoshi, mbona hamngoji ukue?"

Laoshi ni mwalimu. Na laoshi hakuwa na jibu. Kwetu kila mwaka tunabishana mwezi umeonekana wapi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini tusiungoje ukue.

Baadaye tukatengeneza keki za mwezi, zile baridi zisizochomwa. Unga wa mchele wa kunata umeshapikwa, unaukanda, unaufunikia maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, unaingiza kwenye kifomu, unabonyeza, inatoka na ua juu yake. Kwa kifupi ni kufyatua tofali. Nilisahau kunyunyiza unga mkavu kwenye kifomu, tofali kumi za kwanza zikatoka bila sura. Watoto walizila hivyo hivyo.

Teacha Mdogo

Mkuu, kwenye mwezi wao si kuna sungura? Hukuwaambia habari za Sungura wetu?

Mwana wa Pangani

Nilikuwa nakuja huko. Kwa hadithi yao yule sungura yupo mwezini na Chang'e, mungu wao wa kike wa mwezi, anatwanga dawa kwenye kinu. Mwalimu mwenzangu alionyesha picha, nami nikaona kinu na mchi kabisa, kama vya nyumbani kwa bibi. Nikashindwa kujizuia. Nikawapanga wawili wawili, kinu kimoja cha hewa, michi miwili, huyu akipandisha mwenzake anashusha. Wale 28 walitwanga mpaka wakatoka jasho. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama haya ndiyo mazoezi ya viungo ya kwetu.

Habari za Sungura mjanja wetu nilizijaribu mwaka uliofuata. Hawakuelewa kabisa kwa nini sungura awe mwongo.

Binti Mvita

Salamu zenu nyote. Mimi ni wa Mombasa, niko Suzhou. Nyinyi mwasema maharage, huku kwetu keki ya mwezi inayosifika ni ya nyama ya nguruwe! Ganda lake la matabaka matabaka, inatoka moto jikoni, watu wapanga foleni. Siku hiyo mtoto wangu mmoja, wa miaka 5, kaja nayo imefungwa kwa tishu, kaniwekea mkononi kwa mikono miwili. Darasa zima laniangalia.

Nikamshukuru, nikamwambia laoshi hali nguruwe. Nalijua neno qingzhen, la chakula halali, nikalitumia. Akafikiri kidogo. Akairudisha keki, akaila yeye, kisha akaja na vipande vya balungi.

Wallahi tangu siku ile nina mlinzi. Saa ya chakula cha mchana ananijia, achungulia sahani yangu, aninyooshea kidole: "Hii ndiyo! Hii hapana!" Hata mwanangu nyumbani hanichungi hivyo.

Bukavu kwetu

Jambo bandugu. Miye niko Changsha, mkoa wa Hunan. Mto Miluo, kule Qu Yuan, mshairi wao wa kale, alijitosa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, uko mkoa huu huu, kwa hiyo Duanwu, sikukuu ya mashua za joka, huku haifanywi kwa mchezo. Ni tarehe 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao.

Nilipoona zongzi, wali wa kunata umefungwa na majani na kamba, nilisema: hii ni ndugu ya kwanga, ule muhogo wetu wa kufunga na majani! Watoto walijaribu kufunga. Majani yanapasuka, mchele unamwagika, vidole vinanata. Mimi mwenyewe nilifunga moja tu na ikafunguka ndani ya sufuria.

Mashua zetu zilikuwa makatoni bila sakafu, watoto wanne wanne ndani, wanazishika kiunoni wanakimbia uwanjani. Miye ndiye mpiga ngoma. Nikachanganya mdundo wa kwetu kidogo, mashua tatu zikaacha mbio zikaanza kucheza. Mkuu wa shule hakucheka.

Lakini kitu ninachokikumbuka ni uzi. Wanafunga uzi wa rangi tano kwenye mkono wa mtoto, wa kumkinga na mabaya. Mtoto mmoja akanifunga na mimi, akanikataza kuufungua. Unautoa mvua ya kwanza ikinyesha, maji yaende na mabaya yote. Ikanyesha kesho yake. Huyo mtoto alikuja na koti lake la mvua mpaka kwangu akanyoosha mkono, anaudai uzi autupe.

Mzee wa Ukweli

Mnapamba sana. Mimi nilipokuwa sikukuu zote zilikuwa picha za wazazi. Watoto wamevalishwa kanzu za hariri zinazowasha, dakika 40 wameshika taa za karatasi bila kusogea, mmoja akajikojolea, na mimi nimesimamishwa katikati kama pambo maana ndiye mweusi peke yangu. Jioni picha 90 kwenye kundi la WeChat. Keki tuligusa dakika tano.

Mwana wa Pangani

Mzee, hapo husemi uongo. Kwetu pia picha zipo, na mimi nimekuwa pambo zaidi ya mara moja. Nilichofanya ni kuomba picha zipigwe mwanzo kabisa, watoto wangali wasafi. Wakikubali, muda unaobaki ni wenu.

Dada wa Harbin

Mimi niko baridini huku, na sikukuu niipendayo hata mapumziko haina: Dongzhi, siku fupi kuliko zote, 21 au 22 Desemba. Kaskazini wanakula jiaozi, zinakaa kama sambusa za kuchemsha. Wanasema usipokula, masikio yataganda yadondoke. Ipo na hadithi ya tabibu wa kale, Zhang Zhongjing, aliyewapikia maskini vitu vya umbo la sikio.

Mwaka wangu wa kwanza mafua yalinibana, sikula. Watoto waliniona. Nje ilikuwa chini ya sifuri nyuzi 20 na kitu. Asubuhi yake naingia darasani na kofia ya sufi, mtoto wa kwanza mlangoni hakunisalimia. Aliniinamisha, akanivua kofia, akashika sikio la kulia, akashika la kushoto, akawageukia wenzake akawatangazia: "Bado yapo!"