Kompyuta za steshenari zinaambukizana, nafomati lakini tatizo linarudi. Naombeni ushauri

Kalamu Nyekundu: Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mteja akichomeka flashi, mafolda yote yanageuka shotikati za KB 1. Fundi kafomati mashine moja, kesho yake ikarudi vilevile, na hakuna aliyechomeka flashi. Wateja wameanza kunisema. Ninunue antivairasi gani?

Kipunji: Antivairasi baadaye. Windows gani? Mashine zimeungwa pamoja?

Kalamu Nyekundu: Windows 7. Zimeungwa kwa swichi, sababu ya printa.

Mama Parachichi: Mwanangu, flashi za watu unazipokea za nini? Mimi huku Njombe binti niliyemwajiri alikuwa hakosi flashi ya muvi. Siku hizi kazi zote napokea kwa WhatsApp. Binti naye kaolewa, yuko Makete.

Ulanzi Baridi: Ipeleke Sumbawanga, kule wanafomati kwa radi 😂

Fundi Uyole: Kufomati moja moja ni kazi bure. Huyo ni mnyoo, hasubiri mtu abofye kitu, anapita kwenye waya. Conficker ya 2008, mnyoo wa aina hiyo, ilipita kwenye flashi, folda za kushea na paswedi za 1234, na ikishaingia tovuti za antivairasi hazifunguki. WannaCry ya Mei 2017, mnyoo mwingine, ikapitia mlango 445 wa kushea mafaili, na kiraka cha kuziba tundu hilo, MS17-010, Microsoft walishakitoa tangu Machi. Hiyo Windows 7 yenyewe waliacha kuihudumia Januari 2020. Chomoa nyaya zote, fomati zote zikiwa zimetengwa, weka viraka, zima SMB1 (njia ya zamani ya Windows ya kushea mafaili), ndipo uunge. Mtandao unaishia dukani kwako?

Kalamu Nyekundu: Unaishia kwangu na duka la pili.

Kipunji: La nani?

Kalamu Nyekundu: La shemeji. Tumepitisha waya darini, tunachangia intaneti. Ila mashine zake ni nzima kabisa, hajawahi kulalamika. Na siwezi kumchomolea waya, ndiye mdhamini wa mkopo wangu. Fundi nimeshampa nusu ya hela amalizie hizo zilizobaki.

Kipunji: Hilo la shemeji ndilo ungeanza nalo.

Fundi Uyole: Kutolalamika si kupona. Mashine inaweza kuchapa kazi kutwa huku inakurushia wadudu. Huyo fundi msimamishe kwanza.

Jicho la Tai: Hii chai. Juzi tu huyu alikuwa mwalimu Songea anaomba kubadilishana kituo.

Ulanzi Baridi: Sukari iko wapi jamani

Kalamu Nyekundu: Kwani mwalimu hawezi kuwa na steshenari? Dukani yupo mke wangu.

Jicho la Tai: Kwa hiyo shemeji ni kaka wa mke, na mke ndiye mwenye duka. Wewe unahangaika nini?

Mama Parachichi: Mwacheni. Huo mkopo riba yake ngapi?

Kalamu Nyekundu: Fundi Uyole, nikiuchomoa usiku akiwa amefunga, atajua?

Fundi Uyole: Asubuhi akikosa intaneti.