Vani ya zamani inasita nikikanyaga mafuta baada ya kubadilishiwa gasketi: nianze na plagi, pampu au njia ya hewa?

MwendoPole: Wakuu, habari zenu. Nina vani ya petroli ya mwaka 1994, silinda 4, ya nozeli (zinazopuliza petroli) na distributa (kinachogawa cheche kwa plagi). Wiki mbili zilizopita ilibadilishwa gasketi ya silinda hedi. Maji hayapungui tena, joto limetulia, ila umeingia ugonjwa mpya. Nikiondoka kutoka kusimama, nikikanyaga mafuta inakaa kama sekunde nzima haina nguvu, ndipo inachomoka. Ikishakolea mwendo iko sawa, na mlima inapanda vizuri. Nimeshauriwa mambo matatu: plagi na waya zake, pampu na filta ya mafuta, au mipira ya hewa. Uwezo wangu ni kuanza na kimoja.

SpanaKumi: Pampu iweke mwisho, mkuu. Pampu iliyochoka au filta iliyoziba hujionyesha injini inapodai mafuta mengi: mlimani, umepakia, au mwendo mkali. Yako mlima inapanda. Halafu fundi alipotoa hedi alifungua manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), waya na mipira yote ya juu. Pampu hakuigusa. Anza na vilivyoguswa.

DadaBoneti: Naunga mkono, ila njia ya mafuta msiisahau yote. Kuna mpira mwembamba wa hewa unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye regileta ya presha, juu ya reli ya nozeli. Uchomoe uuchungulie. Ukikuta petroli ndani, regileta imepasuka. Ukikuta umechanika mdomoni, injini inavuta hewa hapo.

ZamuYaUsiku: Plagi nazo hazinishawishi sana. Cheche dhaifu hushindwa zaidi injini ikibanwa na mzigo, kwa hiyo ungeisikia ikimisi mlimani. Lakini distributa kama ilitolewa, taiming (wakati cheche inapopigwa) ipimwe kwa taa yake, siyo kwa sikio. Ikirudi nyuma digrii chache tu, gari linakuwa zito kuondoka. Kupima hakukulazimu kununua kifaa chochote.

SpanaKumi: Kweli kabisa. Ila mimi ningeanza na ule mpira mkubwa unaotoka kwenye sensa ya hewa kuja kwenye throto. Ukizeeka hukauka, na ukikunjwa wakati wa kufungua hupasuka chini kwenye mikunjo, ambako jicho halifiki. Injini ikiwa imetulia ufa unajifunga. Ukikanyaga mafuta injini inajipinda kwenye mauntini zake (raba zinazoishikilia), ufa unafunguka, na hewa inaingia bila sensa kuihesabu. Petroli inayopigwa haitoshi hewa hiyo, ndiyo kusita kwenyewe. Niliwahi kukaa na gari miezi nikibadilisha plagi, waya na koili, na kumbe ni mpira huo. Iliniuma sana. Utoe kabisa, uukunje kwa mikono kwenye mwanga. Na tafadhali usipulizie petroli kutafuta uvujaji juu ya injini ya moto. Watu wameungua.

DadaBoneti: Na waya wa athi (wa kurudisha umeme) kati ya injini na bodi, ni rahisi kusahaulika. Kama throto ilifunguliwa, pima pia sensa yake kwa malitimita: volti zipande taratibu kadiri unavyofungua, bila kuruka.

MwendoPole: Nimerudi, wakuu. Mpira mkubwa nimeutoa leo asubuhi. Kwa juu ni mzima kabisa. Nilipoukunja, mkunjo wa tatu kwa chini ukafunguka mdomo wa urefu wa kidole gumba, na klipu ya upande wa throto ilikuwa inazunguka kwa vidole. Nimefunga mpira mpya na kukaza klipu. Kule kusita kumekwisha injini ikiwa na joto. Asubuhi ikiwa baridi bado inashtuka kidogo, kwa hiyo athi nimeikagua, ipo na imekaza. Kesho naazima taa ya taiming, maana fundi amekiri distributa aliitoa.

ZamuYaUsiku: Kabla ya kuwasha taa, soma kibandiko chini ya boneti. Nyingi za umri huo kuna pini mbili za kuunganisha kwanza ili kompyuta isiisogeze taiming yenyewe. Usipoziunganisha utasoma namba ya uongo.